Tovuti ya chuo inapogoma: anza na simu ya anayelalamika

Ilikuwa mwezi wa nane, dirisha la udahili likiwa wazi, simu ya mezani ikaita. Alikuwa mama mmoja wa Mpwapwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huu mtandao wenu haufunguki. Mjukuu wangu yuko hapa tangu asubuhi anahangaika nao, bando limekwisha mara mbili."

Nikafungua tovuti kwenye kompyuta yangu, ikafunguka papo hapo. Nikamwambia iko hewani, haina shida yoyote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, nyinyi mnaifungulia wapi?"

Tulikuwa tunaifungulia ofisini, kwa waya, na seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo lilelile. Tangu siku hiyo kila lalamiko nalianzia upande wa anayelalamika. Maelezo haya nimewaandikia wenzangu mnaotengeneza na kutunza tovuti za vyuo vya hapa Dodoma na mikoa ya jirani, hasa ninyi mlioachiwa kazi hii mkiwa wawili au peke yenu.

Kabla hujagusa kitu

Uliza mambo manne: ni ukurasa gani hasa, ni simu au kompyuta gani, anatumia data ya simu au wifi, na kwenye skrini kumeandikwa nini. Akiweza kupiga picha ya skrini akutumie, umeokoa nusu saa. Kisha zima wifi ya chuo kwenye simu yako, washa data, fungua ukurasa huohuo. Ukigoma kwako pia, tatizo liko kwenye seva au kwenye ukurasa. Ukigoma kwa data lakini ukafunguka kwa wifi ya chuo, chunguza njia ya kutoka nje: ukuta wa usalama wa mtandao au anwani ya tovuti iliyobadilishwa bila kusambazwa vizuri. Ukigoma kwake tu, shida iko kwenye kifaa chake, nalo hilo lina tiba zake nitakazozitaja mwishoni.

Usianze kwa kuzima na kuwasha seva. Utafuta ushahidi, na kesho tatizo litarudi hujui lilitoka wapi.

"Inafunguka taratibu mno"

Hili huja kila mwaka, na mara nyingi chanzo ni picha. Mpiga picha wa mahafali anakukabidhi picha zenye upana wa piseli 6000, kila moja megabaiti 5. Mtu wa habari anazipakia tano kwenye slaidi ya ukurasa wa mbele, zote kama zilivyo. Piga hesabu: megabaiti 25 ni megabiti 200. Kwa mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, mwombaji atasubiri sekunde 200, yaani dakika tatu na ushee, ndipo ukurasa umalizike. Anachotafuta ni tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Joho na kofia za watu asiowajua amezilipia kwa bando lake.

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza F12, fungua kichupo cha mtandao, pakia ukurasa upya, kisha panga mafaili kwa ukubwa. Mazito yatakaa juu. PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya tovuti, nayo ni ya bure na inapima kama simu: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Tiba yake: kwa bango la mbele upana wa piseli 1600 unatosha kabisa, na kwa picha ya habari 800. Hifadhi kwa WebP, au kwa JPEG yenye ubora wa asilimia 75 hadi 80. Picha ile ya megabaiti 5 mara nyingi itashuka hadi kilobaiti mia mbili na kitu, na jicho halitaona tofauti. Squoosh inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, na GIMP ipo kwa mwenye picha nyingi. Picha zilizo chini ya ukurasa ziwekee loading="lazy" ili zisipakuliwe mpaka msomaji azifikie. Ile ya juu kabisa usiiwekee, maana utaichelewesha bila sababu.

Nina msimamo juu ya slaidi, na nimeutetea vikaoni mara nyingi: ziondolewe. Kila kurugenzi inataka picha yake iwemo, matokeo yake ni picha saba zinazozunguka na hakuna anayeisubiri ya saba. Weka picha moja nyepesi, na chini yake yale yanayotafutwa kila siku: udahili, ada, almanaka, matokeo, mawasiliano.

Picha zikishakuwa nyepesi na bado ukurasa unajivuta, angalia seva inachukua muda gani kutoa baiti ya kwanza. Ikizidi sekunde 0.8, acha picha, nenda kwenye seva. Hapo utakuta plagini (programu za nyongeza) ishirini ambazo nusu yake hakuna anayejua zinafanya nini, au hifadhidata inaulizwa swali lilelile kila mtu anapofungua ukurasa kwa sababu kache, yaani nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa tayari, haijawashwa. Siku majina ya waliochaguliwa yanapotoka, usitegemee mfumo huo mzito. Tengeneza ukurasa mmoja wa HTML tupu, wenye maandishi na viungo tu, uuweke mbele. Utabeba maelfu ya watu kwenye seva ileile iliyokuwa inaanguka.

"Nabonyeza hiki, kinafunguka kile"

Maandishi yanaruka wakati picha zinaingia. Chanzo: picha hazikuandikiwa upana na urefu, kivinjari hakikuziachia nafasi. Andika width na height kwenye kila picha, na mabango ya matangazo yatengewe nafasi mapema. Kipimo cha kuruka (CLS) kwenye PageSpeed kisizidi 0.1.

"Tangazo lipo, lakini sijaliona"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapowapoteza watu wengi zaidi.

Fuata safari ya tangazo moja. Katibu muhtasi analiandika kwenye Word, maandishi safi kabisa. Linachapwa, linasainiwa, linapigwa muhuri. Kisha linapitishwa kwenye skana likiwa limelala upande kidogo, linatoka likiitwa Scan0047.pdf, linafika kwako na ujumbe: "Naomba uliweke kwenye tovuti haraka." Unaliweka. Kwenye orodha ya matangazo linaonekana kama "TANGAZO KWA WANAFUNZI WOTE", chini ya mengine tisa yenye jina hilohilo.

Faili hilo ni picha ya karatasi. Halina hata neno moja ndani yake. Mitambo mingi ya utafutaji haioni maneno, kwa hiyo mwanafunzi akiandika "tarehe ya kufungua chuo" huenda asilipate. Mwenye simu ndogo atalivuta na kulisukuma huku na huku kama mtu anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Na mwanafunzi asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, hatasikia tangazo. Atasikia kwamba hati haina maandishi, au atasikia kimya. Buigiri, hapo Chamwino, kuna shule ya watoto wasioona. Watoto hao wanakua, wanafaulu, wanataka chuo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Tunachowawekea mlangoni kwetu ni Scan0047.

Yule mama wa Mpwapwa alikuwa amekwama hapohapo. Fomu ya maelekezo ya kujiunga ilikuwa kurasa 22 zilizoskaniwa kwa rangi, megabaiti 41. Kila alipofika katikati, mtandao ulikatika na kupakua kukaanza upya. Tuliomba faili la Word kwa katibu, tukalitoa PDF moja kwa moja, likawa kilobaiti 600. Yaliyo muhimu, yaani ada, namba ya malipo, tarehe na vitu vya kuja navyo, tukayaandika kwenye ukurasa wenyewe.

Kwa hiyo tiba ina sehemu mbili. Ya kitaalamu ni nyepesi: maandishi ya tangazo yaende kwenye ukurasa kama maandishi, na nakala yenye saini iambatanishwe chini kwa anayehitaji ushahidi. Kichwa kiseme jambo lenyewe: "Chuo kitafunguliwa tarehe fulani kwa mwaka wa kwanza". Jina la faili lieleweke, kwa herufi ndogo na vistari, mfano maelekezo-ya-kujiunga.pdf. Sehemu ya pili ni ya kiofisi na ndiyo ngumu: mkubaliane na masijala na makatibu kwamba kila tangazo linaletwa kwenu likiwa na faili lake la Word. Mimi nilikwenda ofisi kwa ofisi na simu mkononi, nikamwomba kila mkuu asome tangazo lake mwenyewe hapo mbele yangu. Wengi walikubali kabla hawajafika mstari wa tatu.

"Juani hayasomeki"

Sisi tunasanifu ndani, pazia limeshushwa, kioo cha inchi 24. Mwombaji amesimama kituo cha daladala Sabasaba saa saba mchana, na jua la Dodoma mnalijua. Yale maandishi ya kijivu hafifu yaliyopendeza ofisini yametoweka.

Kijivu #999999 juu ya nyeupe kina uwiano wa 2.85 kwa 1 tu. Miongozo ya WCAG ya W3C, ile ya kimataifa ya kuwezesha kila mtu kutumia tovuti, kwa kiwango cha AA, inataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu hafifu kabisa kinachopita ni #767676. Mimi natumia #595959, kinachofika 7 kwa 1, kwa sababu ya jua hilohilo. Tatizo lingine ni rangi ya dhahabu, ambayo vyuo vingi vinayo kwenye nembo: maandishi meupe juu yake hayasomeki. Dhahabu iwe pambo, au ibebe maandishi meusi. Viungo navyo vipigiwe mstari. Asiyetofautisha rangi anaweza asijue kwamba neno la bluu katikati ya maneno meusi ni kiungo.

Ukimaliza kurekebisha, toka nje. Simama uani mchana, soma ukurasa wako wote.

"Ngâ€™ongâ€™ona"

Mnapajua Ng'ong'ona. Kwenye tovuti yetu mtaa huo ulionekana hivyo hapo juu kwa wiki nzima, ndani ya tangazo la hosteli za nje ya chuo. Kiswahili hakina herufi ngeni, hivyo tunadhani tuko salama, kumbe kile kialama cha ritifaa kwenye ng' kinatosha kutuumbua. Word hukigeuza kiwe cha kupinda, kisha ukurasa unahifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi, huku kivinjari kikiusoma kwa mfumo wa zamani wa Windows.

Weka charset="utf-8" juu kabisa ya kila ukurasa, na hakikisha hifadhidata na seva vinatumia hiyohiyo. Ikirekebishwa bado kuna mtego: kisanduku cha kutafuta. Mtu akiandika ng'ombe kwa kialama kilichonyooka cha simu, na kwenye ukurasa kiko cha kupinda, utafutaji unaweza kusema hakuna kitu. Chagueni kimoja, na mfumo ubadilishe kingine wakati wa kuhifadhi.

Mkiwa hapohapo juu ya ukurasa, angalieni lugha. Kiolezo kingi huja na lang="en". Programu ya kusoma skrini ikikuta hivyo, itasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, na asikilizaye hataambulia neno. Ukurasa wa Kiswahili uandikwe lang="sw". NVDA huja na sauti ya eSpeak NG, nayo inasoma Kiswahili. Si sauti tamu, lakini inaeleweka.

"Kwenye simu maandishi ni kama punje za mtama"

Mstari wa viewport, unaouambia ukurasa ufuate upana wa simu, haupo: <meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">. Bila huo, simu hujifanya kioo kipana cha kompyuta na kukunja kila kitu. Ukiwepo na bado ukurasa unateleza kushoto na kulia, mshtaki jedwali la ratiba. Lizungushie kisanduku kinachoteleza peke yake, au ligawe kwa siku.

"Kivinjari kinasema si salama"

Tazama kwanza tarehe ya cheti cha usalama cha tovuti (cha https). Vya Let's Encrypt ni vya bure na hudumu siku 90 au pungufu, hivyo kuvihuisha kwa mkono ni kujitafutia aibu wikiendi. Weka kazi hiyo ijiendeshe, na kalenda ikukumbushe kukagua kama kweli imejiendesha. Kama cheti ni kizima na onyo lipo kwenye kurasa chache tu, ndani yake kuna picha au faili linaloitwa kwa http badala ya https. Kama ni mtu mmoja tu anayeona onyo, muulize simu yake inaonyesha tarehe gani. Simu iliyozimika chaji na kurudi mwaka 2015 huona kila cheti kuwa batili.

"Ukurasa haujapatikana"

Kwako kwenye laptopu ya Windows Ratiba.pdf na ratiba.pdf ni faili moja. Kwenye seva ya Linux ni mawili tofauti. Ndiyo maana nasisitiza herufi ndogo.

Chanzo cha pili ni kubadilisha tovuti nzima bila kuelekeza anwani za zamani. Anwani hizo zimeshachapwa kwenye vipeperushi, zimesambaa kwenye makundi ya WhatsApp, zimenukuliwa kwenye tasnifu. Kabla ya kuhamia tovuti mpya toa orodha ya anwani zote za zamani, na kila moja ielekezwe kwa 301 (agizo la "imehama moja kwa moja") kwenye mpya. Kazi inachosha, lakini ni ya siku mbili.

"Nimebadilisha, watu bado wanaona ya zamani"

Kache. Faili la CSS, lile la mwonekano wa ukurasa, likibadilika, badilisha na namba yake: style.css?v=13. Kisha safisha kache ya seva. Usiwaambie watu elfu kumi wasafishe simu zao.

"Hii kweli ni tovuti ya chuo chenu?"

Niliulizwa hivyo na mzazi, na sikuwa na la kumjibu haraka. Ukurasa wa mbele ulikuwa wa bluu. Alipobonyeza ndaki moja, ukawa wa kijani. Shule kuu ya jirani ilikuwa na nembo iliyovutwa ikawa pana kama chapati, na kurugenzi nyingine ilikuwa na menyu tofauti kabisa. Mzazi alisikia habari za matapeli wanaofungua tovuti bandia na kukusanya ada, akawa makini. Alikuwa na haki. Sura ya chuo ikibadilika kila mlango, mwombaji hana namna ya kumtambua tapeli.

Ni rahisi kuwalaumu wa ndaki kwa ukaidi. Nilipowauliza, niligundua kila mmoja alitafuta nembo akaikosa, akaikata kutoka kwenye barua yenye kichwa cha chuo. Rangi alikadiria kwa macho. Hatukuwapa pa kuchukulia.

Tukatengeneza ukurasa mmoja wa rasilimali za wasanifu, wazi kwa kila mtu. Una nembo ya SVG, isiyopoteza ubora hata ikikuzwa kiasi gani, na ya PNG kwa wenye shida. Una rangi za chuo kwa namba zake, zikiambatana na maelezo ya ipi inabeba maandishi gani. Una kiolezo chenye sehemu ya juu na ya chini ya ukurasa, ili ndaki ijaze katikati tu. Una mfano wa fomu wenye lebo juu ya kila kisanduku na vitufe vinavyotosha kidole gumba, WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inataka visipungue piseli 24 kwa 24, sisi tumeweka 44. Chini kabisa kuna viungo vya kikaguzi cha HTML cha W3C, WAVE (kikaguzi cha urahisi wa kutumika kwa wenye ulemavu) na PageSpeed Insights. Vyuo vya umma msisahau miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Isomeni kabla ya kuanza kuchora.

Nembo iliyovutwa, kwa kawaida, ni mstari mmoja wa CSS: aliyeweka upana na urefu kwa nguvu abakize upana tu, urefu uwe auto.

Dalili ambayo hakuna anayeilalamikia

Orodha ya waliochaguliwa imepakiwa ikiwa na namba za simu, tarehe za kuzaliwa na majina ya wazazi. Hakuna anayepiga simu kulalamika, mpaka mwanafunzi apigiwe na mtu anayejifanya ofisa wa mikopo. Chanzo ni jedwali la Excel kugeuzwa PDF na safu zake zote, au safu "kufichwa" badala ya kufutwa, kisha Excel yenyewe ikapakiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022. Nakala ya kutangaza itengenezwe upya, yenye yale tu yanayomwezesha mtu kujitambua, na ukiikuta ya zamani iondoe leoleo, pamoja na faili lenyewe kwenye seva. Kufuta kiungo peke yake hakutoshi.

Kwako safi, kwake inagoma

Umekagua yote, tatizo liko kwa mtu mmoja au wachache. Uliza kama anatumia kivinjari cha Opera Mini. Wengi wanaipenda kwa sababu inabana bando, lakini ikibana sana hukata JavaScript, na menyu inayotegemea JavaScript haitafunguka. Dawa ni yako: viungo vikuu vya menyu viwepo kama viungo vya kawaida hata JavaScript isipofanya kazi. Uliza tena kama simu imejaa, maana PDF haitashuka, na wala haitasema kwa nini. Uliza tarehe ya simu.

Mezani kwangu sasa kuna simu ya bei nafuu, kioo chake kimepasuka pembeni, ina laini ya kawaida na bando dogo. Kila ukurasa mpya huanza kufunguliwa humo, nje, karibu na geti ambako mtandao ni dhaifu.